Kalamu Zenye Ukungu

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako, goti limepunguza kelele zake, na hujapanda juu ya kiti kufuta vumbi kabatini, maana nakufahamu: ukiambiwa upumzike ndipo unapokumbuka kazi ambazo hakuna aliyekutuma. Shemeji hajambo? Na wale wajukuu, yule mdogo ameacha kung'ata wenzake? Watoto wetu wako shule ya bweni, wazima, na kila wakiandika ni kuomba vitu. Waliniagiza nimwamkie shangazi yao, nami nimefikisha. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili. Nilitaka kuandika kwamba sote hatujambo, kama watu wanavyoandika, nikaona nikianza kwa uongo sitaweza kumaliza. Habari ninazokuletea ni za mdogo wako.

Najua wewe na mimi tumezoea simu, na kabla hujafungua bahasha umeshajiuliza huyu kapatwa na nini mpaka aandike kama watu wa zamani. Nimeandika kwa sababu kwenye simu yeye hukaa karibu akisikiliza. Na ile sauti anayokusalimia nayo, wifi, si sauti yake. Anavuta pumzi kwanza, anaiweka akiba, anakutolea maneno mawili matatu ya uchangamfu, halafu ananitupia simu kabla kikohozi hakijamuumbua. Wewe unacheka na kusema mdogo wako hana subira tangu utotoni. Mimi nashika simu na kucheka nawe, huku namtazama alivyoegemea ukuta.

Kazi yetu unaijua, lakini ulipokuja mara ya mwisho tulikuwa bado tunahangaika na vigoda na miguu ya meza, kwa hiyo acha nikueleze kidogo ili yanayofuata yakuingie. Siku hizi tunatengeneza kalamu za mbao. Mimi ndiye ninayekereza. Nakata kijipande cha mbao, nakitoboa katikati, natia mrija mwembamba wa shaba, kisha nakifunga kwenye mashine kizunguke huku nakichonga kwa patasi mpaka kipate kiuno na mabega. Hapo yangu yamekwisha. Kalamu inayotoka mkononi kwangu ina umbo zuri lakini ni kavu, kama mtoto aliyeogeshwa asipakwe mafuta. Kuipa mng'ao ilikuwa kazi yake yeye.

Na mng'ao huo haupatikani kwa kupaka tu ukaenda zako. Kalamu inarudishwa kwenye mashine, inazunguka polepole, naye anashika karatasi laini aliyoikunja, anaidondoshea tone la ile gundi kali inayokauka papo hapo, anaipitisha mara moja kutoka ncha hii hadi ile, basi. Akirudia njiani, gundi inavutika na kufanya matuta. Akikawia, karatasi inanasa. Anasubiri ikauke, anapaka tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka mbao inaonekana kama imelala chini ya maji. Kisha msasa wa maji, kuanzia ulio mkali kidogo hadi ule ambao ukiupitisha shavuni husikii kitu, na kila msasa unafuta mikwaruzo ya mwenzake. Mwisho ni dawa nyeupe ya kung'arishia na kitambaa. Ukiinua kalamu yake kwenye mwanga, mwanga unaitembelea yote bila kujikwaa. Mama mwenye duka la zawadi, ambaye ndiye anayetuuzia kalamu zetu, alijiona kwenye kalamu moja akaitumia kama kioo cha kujipakia rangi ya mdomo, na tangu siku hiyo akamwita mdogo wako Bwana Kioo. Jina likamganda. Hata mimi humwita hivyo nikiwa na shida naye.

Kikohozi kilipoanza nililaumiwa mimi. Alisema ni vumbi la mbao zangu, na mimi nikaamini, nikajiona muuaji. Basi mimi na mashine yangu kubwa tukahamia barazani, yeye akabaki chumbani na ile ndogo, mlango umefungwa na kitambaa kimesokomezwa chini yake ili vumbi langu lisipenye. Kumbe tulikuwa tunamfungia ndani na adui yake. Kifua kikaanza kupiga filimbi, midomo ikabadilika rangi, na ngazi tatu za barazani zikawa mlima kwake. Hata hapo nilimpeleka kwa daktari kwa kumvuta, maana mdogo wako kwa ukaidi hana mpinzani, na sidhani kama nakuambia jambo jipya.

Daktari alimwambia alete kila anachotumia kazini. Akanusa kichupa cha gundi, akakifunga haraka, akatueleza taratibu kwamba mwili wa huyu bwana umeikataa gundi hiyo, na mwili ukishakataa haubembelezeki. Kila akivuta mvuke wake kifua kinajifunga, na kila kinapojifunga hakifunguki chote tena. Alisema habari ya barakoa isahauliwe, habari ya feni isahauliwe, na habari ya kidogokidogo ndiyo isahauliwe kabisa. Asiingie hata kwenye chumba ilimotumika gundi siku hiyo. Mdogo wako akauliza, kwa adabu zote, kama angeruhusiwa tabaka la mwisho tu. Daktari alinitazama mimi.

Tulirudi nyumbani, akalala akiuelekea ukuta. Nikasema ni uchovu. Kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Hakunyoa ndevu. Supu ilipoa mezani. Nilimwambia bomba la jikoni linavuja, akasema sawa. Nilimwambia nimegombana na jirani, jambo ambalo kwa kawaida angeamka akae kitandani alisikilize lote, akasema sawa. Wifi, mtu huyu nimeishi naye akiwa na hasira, akiwa na homa, akiwa na makosa, na yote nimeyamudu. Hiyo "sawa" yake ilinishinda.

Utauliza kwa nini hatukutafuta kitu kingine cha kung'arishia. Tulitafuta. Lak ya spiriti, ile wanayopaka mafundi wa samani, inang'aa siku ya kwanza mpaka unafurahi, lakini kalamu ni kitu cha kushikwa, na jasho la vidole linaila. Baada ya wiki chache mng'ao wote umehamia mikononi mwa mteja. Vanishi inachuruzika, inachukua siku nzima kukauka, na vumbi lote la mtaa linakuja kulala juu yake. Nta haing'ai, inajitahidi tu. Mwisho nilipiga moyo konde nikaamua kuingia chumbani mimi mwenyewe. Daktari alikuwa amenipima, akasema kifua changu hakina ugomvi na ile gundi, nivae barakoa na nifungue tundu la hewa la ukuta wa nyuma.

Kalamu yangu ya kwanza ilinasa karatasi pande zote ikatoka na ndevu. Sikujua kulia au kucheka, nikaenda kumwonyesha kitandani. Aliigeuzageuza, akaniuliza kwa nini nimeileta kwake badala ya kuipeleka kwa kinyozi, kisha akacheka mpaka nikamkimbilia na ile pampu ndogo ya kuvutia dawa. Asubuhi yake alinyoa. Akachukua kigoda, akakipeleka barazani, akakiweka mbele ya dirisha la chumba cha kazi, lile la kioo kizima lisilofunguka, akaketi hapo kama hakimu.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miezi iliyofuata. Mimi ndani na barakoa yangu, yeye nje nyuma ya kioo. Hatukuwa tunasikiana, basi tukawa tunasemeshana kwa mikono. Akizungusha kidole, niongeze kasi ya mashine. Akishusha kiganja, nipunguze mkono, nabonyeza mno. Akijikuna shavu, nirudi kwenye msasa. Nikimaliza naibandika kalamu kwenye kioo, naye anasogeza jicho mpaka kope zinagusa. Ikiwa mbaya sana alikuwa anajifuta uso mzima kwa mkono, kama mtu anayejipangusa aibu, kisha anavuta kigoda kukaa vizuri zaidi, maana amepata la kufundisha. Jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani, alikuwa anaacha kushona ili atutazame. Alisema hajawahi kuona ndoa inayoelewana kama hii, wawili wametenganishwa na kioo.

Kalamu zangu zilitoka na ukungu. Unajua ukipumulia kioo kinavyoweka weupe? Ndivyo zilivyokuwa, mbao nzuri imefichwa nyuma ya weupe. Nilikuwa nazitupia kwenye kopo la bati chini ya meza, na yeye nje ya dirisha alikuwa anaona kopo linavyojaa. Jioni nikitoka alinieleza makosa yangu yote wakati tunakula, na mwisho aliuliza mama wa dukani anasemaje. Nilimjibu kwamba anavumilia. Alikuwa anatikisa kichwa na kusema uvumilivu wa mwenye duka hauna miguu mirefu.

Siku alipoanguka nilikuwa nimepeleka mzigo dukani. Fundi cherehani aliniona nikipita na kapu, akanipungia mkono, akarudi kwenye kitambaa chake. Baadaye akasikia mashine inazunguka. Akajiambia nimesharudi, akaendelea kushona. Kisha ikamjia kwamba hajaniona nikirudi, na mashine inazunguka tu, haina mtu anayeibonyeza, maana ikibonyezwa hubadili sauti. Huyo mama amenisikiliza nikifanya kazi siku zote mpaka mashine yangu anaijua kama ya kwake. Akaja kuchungulia dirishani, akamwona yuko sakafuni.

Mlango haukufunguka kwa kusukumwa mara moja. Wifi, alikuwa amesokomeza kitambaa chini yake kwa ndani, ili harufu isitoke ikamsema. Na tundu la hewa la nyuma alikuwa ameliziba kwa gazeti, kwa sababu hiyo hiyo. Jirani ndiye aliyemtoa akamkimbiza hospitali, na nilipofika huko na kapu langu tupu walikuwa wamemwekea hewa puani. Mkono wa kulia ulikuwa bado una karatasi laini iliyokunjwa, imegandia vidole, na muuguzi alikuwa anailowesha maji ya uvuguvugu ili kuibandua.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, daktari aliniita pembeni. Alisema kifua kimebaki nusu ya kilivyokuwa mwanzo, na safari nyingine kama hii haahidi kitu. Nilirudi nikaingia chumba cha kazi nikafungua droo ya meza. Kalamu zote za kwenye kopo la bati zilikuwa humo, zimepangwa juu ya kitambaa safi, zinang'aa. Alikuwa anaingia kila nikitoka. Aliniambia mwenyewe baadaye, wala hakuona haya. Alikuwa anabana pumzi, anapaka tabaka moja, anatoka mbio kuvuta hewa uani, anarudi. Alipanga kuzichanganya na zangu za kupeleka dukani, moja moja nisijue, ili nisife moyo. Alisema hakuweza kuketi kwenye kigoda akitazama jina lake likiota ukungu, na kwamba mimi ni mkerezaji hodari lakini mng'ao ni kitu kingine, si kosa langu. Anawaambia hivyo hivyo wageni wote wanaokuja kumpa pole. Na mimi nikiwa nimeshika sinia la chai naitikia kwa kichwa.

Mpaka hapa nimekuandikia yale anayoyajua yeye, na daktari, na jirani. Sasa kaa vizuri, wifi, maana kuna kipande nimekiruka, na nimekiruka kwa wote.

Mimi najua kung'arisha.

Nilijua wiki nyingi kabla hajaanguka. Asubuhi moja mkono ulikubali tu. Karatasi ilipita bila kuvuta, msasa ukafuta kila kitu, na nilipopitisha kitambaa mara ya mwisho nikaona barakoa yangu mwenyewe ikinitazama kutoka kwenye mbao. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani. Nikaibandika kalamu kwenye kioo. Alisogeza jicho, akaangalia muda mrefu, akatabasamu, na tabasamu likaisha kabla halijafika mwisho. Akaninyooshea kidole gumba. Kisha akainuka, akabeba kigoda chake, akaingia ndani, na nilipotoka nilimkuta amelala anauelekea ukuta. Nilimuuliza kama kalamu haikumpendeza. Akasema sawa.

Kesho yake hakuja dirishani, wala kesho kutwa. Supu ikaanza kupoa tena. Niliogopa, wifi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwa daktari, kwa sababu daktari alitaja jina la ugonjwa na huu haukuwa na jina. Basi nikaiharibu moja. Tuna dawa ya kukaushia gundi, ya kupulizia kwa mbali; ukiipuliza karibu mno gundi inageuka nyeupe. Niliipuliza karibu. Nikatoka nayo hadi kitandani, nikalia kwamba ile ya juzi ilikuwa bahati tu, nimeshindwa tena, sijui nakosea wapi. Akageuka. Akaichukua. Akaniuliza kama sioni aibu kumdhalilishia mbao namna hii, akaamka akanawa uso, na mchana kutwa alikuwa dirishani akinionyesha kwa mikono umbali wa kupulizia dawa. Jioni alikula akaongeza.

Ndivyo nilivyoanza. Asubuhi kabla hajaamka nilikuwa natengeneza kalamu nzuri, nazifunga kwenye mashuka ya akiba kabatini, nazipeleka dukani na kusema ni za Bwana Kioo. Mama wa dukani hakuwa anavumilia chochote, alikuwa anashukuru. Mchana, mdogo wako akiwa kwenye kigoda chake, nilikuwa natengeneza mbaya. Kuharibu nako kuna ufundi wake: ukizidisha atakata tamaa nawe, ukipunguza atakusifu na kurudi kitandani. Nilikuwa nampimia makosa kama dawa. Na nilijiona mke mwema, wifi. Nilikuwa nalala usingizi mzuri kabisa. Haikunijia hata mara moja kwamba mtu ambaye mkono wake unaijua kazi hawezi kukaa nje ya kioo siku zote akiiona inaharibika. Wewe uliyemlea ungelijua hilo bila kuambiwa. Mimi niliyeolewa naye sikulijua.

Zile kalamu za kwenye kopo la bati, kila moja niliitia ukungu mimi kwa mkono wangu. Hakuna mteja aliyekuwa anazisubiri. Ndizo alizokwenda kuziokoa.

Sasa nimebanwa huku na huku. Nikimwambia ukweli hatakuwa na sababu ya kuingia chumbani, na kifua kilichobaki kitabaki. Lakini atajua kwamba ile nusu iliyokwenda ilikwenda bure, kwa ajili ya makosa ya kubuni, na aliyebuni ni mimi. Halafu atageukia ukuta, na safari hii sitakuwa na kalamu mbovu ya kumgeuzia. Nikinyamaza, akipata nguvu za kutembea ataingia tena, kwa sababu anaamini bila yeye tumekwisha. Nimefunga mlango, ufunguo nimeuvaa shingoni kwa uzi, na kila asubuhi ananiuliza kwa utani kama mkufu huu mpya nimehongwa na nani. Gundi nimekwisha kuimwaga. Lakini inauzwa dukani hapo mtaani, watoto wananunua kugundishia viatu. Nilimwambia tuache kalamu turudie vigoda, akanitazama kwa huruma, akasema nisijilaumu, nitajifunza tu.

Jumapili iliyopita nilijitia ujasiri. Nilichagua kalamu iliyo bora kuliko zote nilizowahi kutengeneza, ya mbao nyeusi yenye mshipa mmoja wa kahawia, nikaitoa kwenye mashuka. Maneno nilikwisha kuyapanga: nimpe aishike, aione, halafu nimwambie ni yangu, na mengine yafuate. Nilimkalisha kwa mito karibu na dirisha, nikamwekea mkononi. Akaiinua kwenye mwanga. Akapitisha ukucha kutafuta matuta, hakupata. Akaigeuza taratibu mpaka mwanga umeizunguka yote. Nikaona macho yanamlowa, nikafungua mdomo.

Akaniwahi. Akaniuliza nimeitoa wapi hii, yeye alidhani zake za zamani zimekwisha zote. Akasema anaikumbuka, ni ya kabla hajaugua, mbao nyeusi ilikuwa inamsumbua lakini hii ilimtii. Akanivuta nikae karibu, akanionyesha kwa kidole jinsi mwanga unavyopita, akasema hiki ndicho nilichokuwa nakuambia kila siku pale dirishani, umeona? Siku moja na wewe utafika hapa. Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Nikamwambia ndiyo, ni yako.

Tangu siku hiyo anaiweka chini ya mto. Anakula vizuri, rangi inarudi, anafika mpaka mlangoni bila kushika ukuta. Daktari amefurahi. Na mimi kila akiongeza hatua moja moyo unaniruka, kwa sababu najua hatua hizo zinaelekea chumba gani.

Wifi, maji yamenifika shingoni. Wewe ulimbeba mgongoni mama yenu alipofariki, mpaka leo ukimkemea anainamisha kichwa. Njoo, au niandikie nifanye nini. Ukisema nimwambie, nitamwambia mbele yako, na akinifukuza nitaondoka. Ukisema ninyamaze, nionyeshe namna ya kumzuia. Ukinitukana pia nitapokea, na nitajua angalau kuna mtu mwingine anayejua. Jibu lako usilitume kwa simu.

Nisalimie shemeji, wabusu wajukuu hata yule anayeng'ata, na goti lilinde. Yeye anakusalimu sana. Ameamka sasa hivi, kaniona naandika, nikamwambia ni barua ya kuja kwako, akafurahi kweli. Amesema nikuandikie kwamba kifua kinaendelea vizuri, usijisumbue na safari. Nikuandikie pia kwamba mke wake bado hajaijua kazi, lakini usiwe na wasiwasi na riziki yetu, kwa kuwa wiki ijayo ataingia chumbani mwenyewe.

Ni mimi,
wifi yako, mke wa mdogo wako.